Chapa ya Kwanza Haina Kurasa za Kupona

Nilisema tungoje. Nilisema nikiwa nimeketi, nikasema tena nikiwa nimesimama na mtoto kiunoni, na msimulizi akanitazama vile wenye saiba, yale maduka ya kompyuta na kuprinti, hutazama mteja anayelalamika kwamba printa imekula karatasi yake. Alikuwa amesikia. Hakutaka kusikia.

Jambo lenyewe ni dogo ukimwambia mtu wa nje. Kampuni moja huko ng'ambo ilikuwa imetoa upya kitabu cha sheria za mchezo wetu, toleo lililorekebishwa, na swali lilikuwa kama tununue chapa ya kwanza, ile inayotoka kwa mashine ikiwa bado moto, ama tungoje ya pili. Baba ya mtoto wangu, kabla hajajiendea zake, angesema ni mchezo wa watoto. Alisema hivyo kila Jumapili. Yeye alikuwa na mpira, na baa, na marafiki wa kumwambia kwamba yuko sawa. Mimi nilikuwa na hiyo meza peke yake.

Mchezo ni huu. Mnaketi mezani. Mmoja wenu, ambaye ni msimulizi, anawaeleza mahali mlipo: kuna mto, kuna daraja, kuna watu upande wa pili na hawajaja kusalimia. Wengine, kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake, na huyo ndiye unayemsemea. Navuka. Natoroka. Naongea nao vizuri. Pale ambapo hakuna anayejua kama itawezekana unarusha dadu, na kitabu cha sheria kinasema dadu imemaanisha nini. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea Jumapili baada ya Jumapili, na mtu wako anazeeka, anapata makovu, anapata heshima.

Wangu alikuwa mhunzi, mwanamke mzee wa jicho moja, aliyekuwa akizunguka nchi nzima akiwatafuta waliochoma karakana yake. Nilimwandika nikiwa nimetoka tu kidato cha nne, kabla ya mimba, kabla ya kile chumba cha kupanga cha Lanet, kabla ya kufua nguo za wenye nyumba mpya wanaonihesabia vibanio. Kwa hiyo meza niliitwa Mhunzi. Siku zingine zote mimi ni mama ya nani, ama ni mathe tu, na bado nina umri wa kuitwa msichana. Kwa hivyo nikisema niliogopa kununua kitabu kibaya, si kitabu nilikuwa nakiogopea. Nilijua ile meza inasimama kwa sheria tulizokubaliana, na zikiharibika itaanguka, na sina ingine.

Tulikuwa wanne. Msimulizi ndiye mwenye saiba, na tulicheza kwenye chumba cha nyuma baada ya kanisa, kati ya maboksi ya karatasi na kompyuta zilizokufa. Kulikuwa na dada wa Bondeni, ambaye babu yake alitoka Pwani na ambaye huuza mahamri na viungo. Ni mtu mwaminifu kiasi kwamba atakufuata hadi steji ya matatu akurudishie mwavuli uliosahau, na katika mchezo alikuwa mwizi. Alisema ni lazima auweke wizi wake mahali. Na kulikuwa na mkulima wa Subukia, mtu mzima, mwenye ng'ombe wa maziwa na kahawa kidogo. Yeye alicheza askari aliyetoroka jeshini, na kwa vile kambi ya jeshi haiko mbali, kila mwanajeshi alipoingia kule mbele kuprinti barua yake, mkulima alishusha sauti hadi tukabaki tunasoma midomo. Mtoto wangu alikaa chini ya meza na kikombe cha plastiki chenye dadu mbili mbovu.

Kitabu chetu cha zamani msimulizi alikiokota kwenye rundo la mitumba sokoni, chini ya majarida ya upishi. Kilikuwa na gamba lililochakaa, na pembeni mwa kurasa mtu fulani wa ng'ambo, Mungu ambariki, alikuwa ameandika masahihisho kwa penseli. Tulikisoma kwa njia yetu. Msimulizi alisoma Kiingereza, dada wa Bondeni akakiweka kwa Kiswahili, na alivyosema yeye ndivyo ilivyokuwa. Simu hazikuruhusiwa. Kuna Jumapili moja watu wawili walikuja na majibu mawili tofauti kutoka kwa mtandao na tukagombana hadi chai ikapoa, ndiyo tukaweka sheria: kilicho kwenye karatasi mezani ndicho kinachotawala, basi. Na meza moja, kitabu kimoja. Kipya kikiingia, cha zamani kinatoka.

Hatukufikiria kwamba kile kitabu kilikuwa kizuri kwa sababu kilikuwa kimezeeka mikononi mwa wengine. Makosa yake yalikuwa yameumiza watu wengine mbali huko kabla hayajatufikia. Sisi ni watu wa mitumba. Koti likifika Nakuru limeshavaliwa, limeshafuliwa, kama mshono ungefumuka ungekuwa umefumuka. Halafu mtu anaona kitu kipya kwenye plastiki na anadhani kipya ndicho kizima.

Mimi nilijua, na si kwa akili nyingi. Shuleni darasa letu ndilo lilipewa kitabu kipya cha hesabu, chapa ya kwanza kabisa, na majibu ya nyuma yalikuwa yamekosewa sura nzima. Tulikuwa tunapata jibu sahihi, tunafungua nyuma, tunaona limekataa, tunafuta. Tulijifunza kufuta. Mwalimu alikuja kugundua tukiwa karibu na mtihani, na waliokuja nyuma yetu wakapewa kitabu kilichosahihishwa. Sisi tulipewa pole.

Niliwaambia hayo yote. Lakini nafasi ilikuwa imejitokeza. Binamu ya mkulima, muuguzi anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa anakuja nyumbani kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya dadake, na kwenye sanduku lake palikuwa na nafasi ya kitabu kimoja. Hapa mjini huwezi kukipata dukani hata ukilia. Na binamu alikuwa hajui atakuja tena mwaka gani.

"Mhunzi, kwani unaogopa karatasi mpya?" msimulizi akaniuliza.

Nikamwambia naogopa karatasi ambayo haijasomwa na mtu.

"Mimi nikienda kununua ndama," mkulima akasema, "simwambii mwenyewe nangoja yule atazaliwa baadaye."

"Ndama unamwona miguu. Hiki kinakuja kimefungwa."

Dada wa Bondeni alikuwa anachora chora kwenye karatasi yake. Nilimtegemea. Akasema, "Mie nimengoja mambo mengi, dadangu. Hiki hebu tusikingoje."

Ikawa watatu kwa mmoja. Msimulizi akafunga mjadala kwa kuweka chai.

Kitabu kilikuja. Nitasema ukweli, kilikuwa kizuri, na hilo linaniudhi mpaka leo. Gamba gumu, picha za rangi, harufu ile ya wino ambayo sikuwa nimeisikia tangu shule. Dada wa Bondeni alinawa mikono mara mbili kwa sababu ya mafuta ya mahamri. Mkulima alikishika kama mtoto wa mtu mwingine. Hata mimi nilipitisha kidole kwenye picha ya karakana nikawaza, labda mara hii nimekosea, na nilitaka sana niwe nimekosea.

Jumapili hiyo hiyo cha zamani kikatoka, kama desturi yetu. Tulikipeleka Rongai kwa kikundi cha wasichana waliomaliza shule, mmoja wao mpwa wa mkulima, waliokuwa wakicheza kwa kukumbuka tu sheria walizotusikia tukizisema. Tulikunywa soda nao. Walikipokea kwa mikono miwili, wakapiga picha.

Tukaanza kucheza na kipya. Tulikuwa tunasoma tu sehemu tunazohitaji, kwa sababu kutafsiri kitabu kizima kungechukua hadi Krismasi. Tulisoma jinsi ya kupigana. Tulisoma bei za farasi, maana mwizi alitaka kujua anaiba kitu cha thamani gani. Tuliona kwamba sheria zimebadilika. Zamani jeraha lilikuwa likipungua lenyewe ukilala. Katika toleo hili jeraha linaandikwa, linabaki pale, na kila siku linazidi mpaka ufuate sheria za kupona.

Halafu kukawa na ile vita ya darajani. Mwizi alinaswa, nikajitia kati, dadu ikanikataa. Mhunzi akachomwa mkuki tumboni. Sikuwa na wasiwasi sana. Tulikuwa na dawa, tulikuwa na pango la kujificha, na mkulima alijitolea kunibeba. Msimulizi akaangalia orodha ya yaliyomo, akapata ukurasa wa kupona, akaufungua.

Akafungua mbele kidogo. Akarudi nyuma. Akalamba kidole akafungua tena.

Dada wa Bondeni akaegemea, akatazama. "Hii si tumeshaisoma? Hizi ni zile bei za farasi."

Zilikuwa zile zile. Kifurushi kizima cha kurasa kilikuwa kimefungwa mara mbili kwenye kitabu, na kifurushi kilichopaswa kufuata, chenye majeraha, homa, dawa na kupumzika, hakikuwepo kabisa. Kitabu kilijua njia zote za kuumiza mtu, kikaruka hadi kwa hali ya hewa.

Mkulima ndiye alicheka wa kwanza. "Kwa hivyo farasi wako mara mbili na daktari hayuko. Hawa watu wametuandikia Kenya."

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama mtu wangu kwenye karatasi, na jeraha lililoandikwa kwa penseli yangu mwenyewe.

Tuliwaandikia wenye kampuni. Walijibu upesi na kwa adabu, nitawapa hiyo. Walisema wanasikitika, ni hitilafu ya nakala chache za chapa ya kwanza, tukirudishe kwenye duka tuliponunua tutapewa kingine. Duka. Binamu alikuwa amesharudi kazini, na duka lilitaka kitabu chenyewe mkononi. Nilisoma ile barua nikiwa nimesimama kando ya beseni la nguo za watu, na nilitukana kwa sauti hadi mwenye nyumba akatoka nje kuangalia kama nimeungua. Huko kwao mtu akipata kitabu kibovu anavaa viatu anatembea hadi dukani. Kwetu sisi kitu kikifika kimefika, ubovu wake ni wako, na bado unatarajiwa useme asante kwa sababu kimesafiri.

Jumapili iliyofuata msimulizi alikuwa na jibu. Alizitafuta zile kurasa kwenye mtandao, akaziprinti kwa printa yake, akazipiga pini. Karatasi mezani, kama sheria yetu. Dada wa Bondeni akatafsiri. Kwa kurasa hizo, mtu wa umri wa Mhunzi mwenye jeraha kama lake hafiki mwisho wa safari. Hakuna dadu ya kurusha. Anakufa njiani.

Na mimi nilikuwa nimekuja na karatasi yangu. Mchana mmoja mtoto akiwa amelala, nilikuwa nimesoma orodha ya masahihisho ambayo kampuni yenyewe ilitoa, na nikanakili kwa mkono sehemu ya kupona. Walikiri. Hesabu za majeraha ya wazee ziliandikwa vibaya katika chapa ya kwanza, na katika chapa ya pili zimerekebishwa. Kwa hesabu sahihi, Mhunzi anarusha dadu, na nafasi yake ni nzuri.

Msimulizi alisoma karatasi yangu hadi mwisho. Aliikunja akanirudishia.

"Hiyo ni ya chapa ya pili," akasema. "Sisi tuko na ya kwanza."

Nilidhani anatania. Nikamwambia wenye mchezo wamesema wenyewe ni makosa.

"Makosa ama si makosa, ndiyo iko kwa kitabu chetu."

"Haiko kwa kitabu chetu. Kwa kitabu chetu kuna farasi."

Mkulima akasema tusikasirikiane, msimulizi ndiye msimulizi. Dada wa Bondeni akasema mimi niko sawa, na kwamba hatatafsiri neno lingine kutoka kwa kurasa ambazo wenyewe wamezikana. Tukawa wawili kwa wawili. Niliona uso wa msimulizi na nikaelewa. Hakuwa anatetea sheria. Alikuwa anatetea kununua. Akikubali karatasi yangu, basi chapa ya kwanza ilikuwa takataka tangu siku ile ya kwanza, na ni mimi nilisema, nikiwa na mtoto kiunoni. Hilo hangeweza. Afadhali mtu afe.

"Mhunzi amekufa," akasema. "Andika mtu mwingine."

"Unamuua na karatasi iliyokataliwa na walioiandika?"

"Si mimi. Ni sheria."

"Sheria ni wewe na hiyo printa yako."

Mkulima alijaribu mzaha fulani kuhusu mazishi na mchele. Hakuna aliyecheka. Nilimtoa mtoto chini ya meza, akalia kwa sababu hakutaka kuacha kikombe, na nikaondoka naye akilia. Dada wa Bondeni alinifuata hadi kwenye mlango wa mbele. Alisema atanipigia. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa akingoja kuprinti alisogea tupite akanisalimia, niaje mathe.

Bado nilidhani inaweza kurekebishwa. Huo ndio ujinga wa mtu ambaye hana kitu kingine. Niliwaza hivi: tukirudisha kitabu cha zamani mezani, na zile sheria ambazo hakuna aliyewahi kuzilalamikia, basi hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa. Vita ya daraja tutaifuta. Dada wa Bondeni alikubali. Mkulima alikubali. Msimulizi, mkulima alipomuuliza, alisema mkileta hicho kitabu nitaangalia. Kutoka kwake hiyo ilikuwa ndiyo.

Nikaenda Rongai, mtoto mgongoni. Niliwakuta nyuma ya ghala la nafaka la baba ya mmoja wao, wameketi juu ya magunia, na walikuwa katikati ya mchezo. Msimulizi wao alikuwa msichana mwembamba aliyesimama juu ya mizani akipanua mikono kuonyesha ukubwa wa joka. Walifurahi kuniona. Walinipisha nikae. Nikawaambia nimekuja kuazima kitabu, na nitakirudisha, jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo.

Wakatazamana. Mpwa wa mkulima akasema, "Auntie, tulikigawa."

Walikuwa wamekitoa gamba. Kila msichana alichukua sehemu yake akaisome nyumbani aijue kwa kichwa, kisha aje awafundishe wenzake. Ni njia nzuri ya kusoma, sitasema uongo. Sehemu ya kupigana ilikuwa hapo kwenye gunia, imefungwa na kamba ya katani. Nikauliza ya kupona iko na nani. Ilikuwa na mmoja aliyepata kazi ya nyumba Eldoret. Alienda nayo kwenye begi. Na ya wahusika ilinyeshewa.

"Lakini anaijua yote kwa kichwa," mpwa akasema. "Akija Krismasi anaweza kukuambia."

Niliwachukia. Niliwachukia wale watoto wa watu kwa magunia yao na joka lao, na kwa vile hawakuwa wamekosa lolote nilizidi kuwachukia. Waliniomba nibaki, walikuwa wanahitaji mtu wa kuwa malkia. Nikasema nina nguo za kuanua.

Nilimwambia dada wa Bondeni kwenye simu. Akasema basi. Jumapili hiyo alipeleka mahamri kwenye harusi fulani, na iliyofuata pia, na sasa Jumapili ndiyo siku yake ya biashara. Mkulima alienda kwa msimulizi mara moja au mbili, wakaketi wawili, wakanywa chai. Huwezi kucheza mkiwa wawili. Akasema ng'ombe wamezaa, kuna kazi. Chumba cha nyuma kilipewa mwanamke wa kusuka nywele. Niliona siku nilipoenda kuprinti fomu ya chekechea ya mtoto. Msimulizi alinihudumia vizuri. Aliuliza kama nataka ya rangi.

Watu husema ni mchezo tu. Baba ya mtoto alipiga simu mwezi uliopita, akasikia Jumapili niko nyumbani, akasema ona sasa umekuwa mtu mzima. Nilikata simu. Jumapili siku hizi nafua zetu, kwa sababu siku zingine nafua za wengine. Mtoto anaketi kando akiniuliza tunaenda lini kwa meza. Nimemwambia imeharibika. Anauliza nani aliiharibu. Labda ni mtu aliyesinzia kwenye mashine ya kufunga vitabu mahali nisipopajua, akaokota rundo lile lile mara mbili.

Juzi mkulima alinipigia. Nilifurahi kuona namba yake kuliko nilivyotaka kufurahi. Alianza na salamu, mvua, mahindi, kisha akasema binamu yake anakuja nyumbani tena, ghafla tu, likizo imepatikana. Chapa ya pili imetoka. Ameishika dukani, amezihesabu kurasa moja moja, ziko zote, na ile sehemu ya wazee imesahihishwa vile nilivyosema.

"Anauliza alete," mkulima akasema. "Nimjibu nini?"

Nikamuuliza kama amemuuliza msimulizi. Amemuuliza. Msimulizi alisema yeye hana mahali. Nikamuuliza kuhusu dada wa Bondeni. Alisema Jumapili hawezi. Nikamuuliza yeye mwenyewe je, naye akacheka kidogo, akasema ng'ombe hawajui Jumapili.

"Basi mwambie asilete," nikasema.

"Lakini hii iko sawa, Mhunzi. Hii haina shida yoyote."

Nikamwambia najua iko sawa.

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini upande wake. Kisha akaniuliza kama mtoto ameanza shule.